Kabla fundi hajatoboa ukuta: mambo ya kuzingatia unapofunga AC Nairobi

Wauzaji wengi hupima ukubwa wa AC kwa hesabu ya Mombasa kisha wakaiuza Nairobi. Chumba cha kulala cha mita 4 kwa 3.5 kule pwani huenda kikahitaji BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Chumba hichohicho kikiwa South B, ambako hata Februari na Machi joto la mchana ni kama nyuzi 28 na usiku unapoa, BTU 9,000 zinatosha. Mashine kubwa kupita kiasi hupoza haraka, hujizima, huwaka tena, na unyevu unabaki chumbani. Ya inverta, yaani inayobadilisha kasi ya kompresa (pampu ya gesi), hujipunguza, lakini nayo ina kiwango cha chini isichoweza kushuka zaidi.

Lipo jambo linalovuta upande wa pili. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi: mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo moja hivi, ilhali pwani inakaribia kilo 1.2. Feni husukuma ujazo uleule, ila joto linalobebwa ni pungufu. Kwa hiyo chumba chenye kioo kikubwa kinachotazama magharibi, au kilicho ghorofa ya mwisho chini ya mabati, usikibanie. Angalia pia yale matundu ya hewa yaliyoachwa wazi juu ya madirisha, maana nyumba nyingi za Nairobi zinayo na ubaridi wako utapitia hapo. Yafanyie kifuniko cha kufungua na kufunga. Usiyazibe kwa saruji, hasa kama gesi ya kupikia iko karibu.

Chagua inayopoza na kupasha. Baridi ya Julai hapa haifiki ya theluji, kwa hiyo mashine ya kawaida inaiweza bila shida. Na ikishafungwa, jiko la makaa halina tena sababu ya kuingizwa chumbani usiku, ambako moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini.

Kama unaishi kwenye ghorofa, ruhusa itangulie pesa. Ukuta wa nje kwa kawaida ni mali ya wenye nyumba wote, si yako peke yako, na msimamizi wa jengo anaweza kukuamuru uiteremshe. Ombeni kwa maandishi, mkionyesha mahali mashine ya nje itakapokaa na maji yatakapomwagikia.

Sasa ukuta wenyewe. Mashine ya nje ya BTU 9,000 au 12,000 ina uzito wa kilo 25 hadi 35, na inatikisika kila siku. Jiwe la Ndarugu ni zuri kwa kujengea lakini ni laini. Bolti ya kupanuka ikikazwa sana hulipasua kutoka ndani, na ikitiwa kwenye kiungo cha saruji kati ya mawe hulegea baada ya miezi. Bolti ziingie katikati ya jiwe. Kwa ukuta wa bloku zenye uwazi, bolti ipenye hadi upande wa pili na kushikwa na bamba la chuma, la sivyo jenga kijukwaa cha zege chini. Fundi akija na skrubu na plagi za plastiki kwa kazi hii, mrudishe. Nyuma ya mashine acha sentimita 10 hadi 15, mbele acha angalau 60, na pasiwe na kizuizi cha hewa. Wengi huificha nyuma ya vyuma na vibao ili isionekane. Ikivuta tena joto lililotoka kwake yenyewe, bili hupanda na kompresa huchoka.

Stima isichukuliwe kwenye soketi ya karibu. AC iwe na laini yake kutoka kwenye boksi ya breka: waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampia 16 au 20 kwa BTU 9,000 na 12,000; kwa 18,000 na 24,000, waya wa 4, na breka inayolingana na kibandiko cha mashine. Swichi ya kukatia iwe karibu na mashine ya nje, iwe ya kuzuia mvua. Weka kinga ya volteji yenye kuchelewesha dakika 3, kwa sababu stima ikipotea na kurudi ghafla, kompresa hulazimika kuwaka huku shinikizo la gesi halijatulia. Fundi wa stima awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: mabomba. Kwa BTU 9,000 huwa ni robo inchi (1/4) na tatu ya nane ya inchi (3/8). Ncha zipanuliwe kwa kifaa, zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu: karibu Nm 14 hadi 18 kwa robo inchi, 34 hadi 42 kwa tatu ya nane. Ukikaza kwa hisia, shaba hukatika au gesi huvuja polepole, na miezi sita baadaye unaambiwa "gesi imeisha". Gesi haiishi kama mafuta ya gari, ikipungua, inavuja. Mabomba yajaribiwe kwa nitrojeni kwa shinikizo lililoandikwa kwenye kibandiko cha mashine, yasijaribiwe kwa oksijeni hata siku moja, maana ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka.

Kisha vakyumu, yaani kunyonya hewa yote kwenye mabomba kwa pampu kabla ya kufungua gesi. Mafundi hufundishwa kusubiri sindano ya geji ishuke hadi -30 (inchi za zebaki), na huko pwani inakaribia. Nairobi haifiki. Geji hiyo hupima tofauti na hewa ya nje, na hewa ya huku ina shinikizo dogo, kwa hiyo sindano itasimama karibu na -24.5 hata bomba likiwa tupu kabisa. Asiyejua atahangaika kutafuta mvujo usiokuwepo, au atachoka na kufungua gesi mapema. Mwulize kama ana geji ya maikroni, inayopima utupu wenyewe bila kutegemea hewa ya nje. Lengo ni 500 au chini, na isipande pampu ikizimwa kwa dakika 10. Kama gesi ni R32, ambayo huweza kuwaka, pasiwe na sigara wala moto karibu. Mashine nyingi huja na gesi ya kutosha bomba la mita 5 hivi. Kinachozidi kinapimwa kwa gramu kwenye mizani, wala si kwa macho.

Tundu la ukutani, milimita 65, literemke kuelekea nje. Bomba la maji lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita, bila kupinda juu, na lisiishie juu ya nguo za jirani.

Siku ya kwanza, kabla ya kulipa salio, mimina lita moja ya maji kwenye trei ya ndani na utoke nje uone yanapotokea. Washa kwa dakika 20, upime joto la hewa inayoingia na inayotoka: tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni sawa. Piga picha ya kibandiko cha mashine ya nje, pamoja na gramu za gesi zilizoongezwa, kwa sababu fundi atakayekuja mwaka kesho huenda asiwe huyuhuyu.