Kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari: ninavyomfunga baba

Juni, baridi ya Tukuyu imepamba moto, baba alinyoosha miguu kwenye jiko la mkaa akalala. Kisukari kimemtia ganzi nyayo, hakusikia kitu. Asubuhi nikakuta soksi imegandia kwenye lengelenge lililopasuka, chini ya kidole gumba. Haya nimefundishwa na muuguzi wa zahanati.

Kwanza kitazame kidonda. Kikiwa cheusi, kinanuka, wekundu unapanda mguuni, mfupa unaonekana, au mgonjwa ana homa, usihangaike na asali: mfunge shashi safi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hata kidonda kidogo apimwe mapema, damu inafika mguuni au haifiki.

Maji ya kuoshea: nusu lita iliyochemka, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa kilele, funika yapoe kabisa. Nawa mikono kwa sabuni, mimina taratibu, kausha pembeni na katikati ya vidole. Spiriti usitie, inaunguza nyama changa.

Asali inafaa kwa sababu ni nzito na ina uchachu, inawanyima vijidudu maji, na shashi haigandi. Lakini siyo ya chupa za sokoni, hata ile nzuri ya porini. Ile huweza kubeba mbegu za vijidudu, na ukiichemsha unaua nguvu yake. Tafuta asali ya vidonda, iliyosafishwa kwa mionzi, na umwonyeshe muuguzi kabla ya kuitumia. Naipaka kwenye shashi, si kidonda moja kwa moja, kisha bandeji isiyobana. Ikilowa, nabadilisha.

Alovera ya uani nampaka kwenye ngozi kavu iliyokwisha kufunga tu. Simamisha jani kwanza utomvu wa njano uchuruzike, huo unawasha. Majani ya kuponda sithubutu. Udongo unaingia nayo.

Kuhusu mwanga wa kutibia vidonda: mwaka 1967 daktari Endre Mester wa Hungaria aliwamulika kwa leza hafifu panya walionyolewa, manyoya yakaota upesi, baadaye akajaribu kwenye vidonda sugu. Siku hizi hutumika mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 630 hadi 660 hivi, kwa kipimo, macho yamefunikwa, juu ya kidonda kilichosafishwa. Ni nyongeza ya matibabu, na kazi ya mtaalamu. Jirani alituletea taa nyekundu ya vifaranga kwa moyo mwema. Nilimrudishia. Ile ni joto, na joto ndilo lililomuunguza mzee.

Kinachoponya zaidi ni kutokukanyagia. Baba anatembea kwa magongo hata kwenda chooni, na sukari tunapima kila asubuhi.

Kila Jumamosi naweka nailoni safi juu ya kidonda, nachora ukingo wake kwa kalamu, naandika tarehe. Wiki ya nne nikipanga michoro mezani, kama kidonda hakijapungua nusu, tunarudi hospitali nayo mkononi.