Somo: Kuondoa OSD na exofs kwenye kerneli ya Linux 4.19 bila kuvunja kisichohusika

Swali la namna ya kuondoa msimbo wa OSD (Object-based Storage Device, yaani diski ya obijekti) na mfumo wake wa faili, exofs, kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, limeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri jibu likae mahali pamoja, na kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza hapa. Somo linawahusu wanaoendelea kutunza kerneli yao ya 4.19, ama kwa sababu ya draiva ambayo haijawahi kuhamishiwa matoleo mapya, ama kwa sababu ya seva zilizohamia Dodoma pamoja na ofisi zake na hadi leo hazijapata mrithi. Mwenye 5.1 au zaidi hana la kufanya, kwa kuwa kazi hii ilishafanywa na Christoph Hellwig, na toleo hilo lilitoka tarehe 5 Mei 2019 likiwa halina exofs wala maktaba ya OSD.

Kwanza tuelewane ni OSD ipi. Hii ni diski ya SCSI (lugha ya amri ambayo kompyuta huzungumza na diski na vifaa vingine) ambayo haiulizwi kwa namba za bloku, bali kwa obijekti, kila moja ikiwa na namba yake na sifa zake, na diski yenyewe ndiyo inayoamua data ikae wapi. Kamati ya T10, inayosimamia viwango vya SCSI, iliandika kiwango chake, kikatoka mwaka 2004. Linux ikaipokea katika toleo la 2.6.30 mwaka 2009, kwa vipande vitatu: maktaba ya libosd, draiva inayotengeneza `/dev/osd0`, na mfumo wa faili wa exofs. Mtumiaji pekee aliyetarajiwa kuwa na uzito alikuwa pNFS (NFS ya kusoma faili za mtandaoni kutoka seva nyingi kwa pamoja) kwa mpangilio wa obijekti, naye aliondolewa katika 4.12 mwaka 2017 kwa kuwa hakuwahi kufikia hatua ya kuuzwa kama bidhaa. Kilichobaki ndani ya 4.19 ni msimbo unaokompailiwa na watu wengi na kutumiwa na karibu hakuna mtu, huku kila anayebadilisha tabaka la bloku, yaani sehemu ya kerneli inayopitisha maombi ya diski, akilazimika kuubeba.

OSD ya Ceph, mfumo wa kuhifadhi data kwenye seva nyingi, ni programu inayokaa kwenye seva, haina undugu na hii. Ya Lustre, mfumo mwingine wa faili wa seva nyingi, nayo ni nyingine. Na ile iliyo kwenye draiva za televisheni ni maandishi yanayotokea juu ya picha. Tafadhali soma aya hii mara mbili.

Hatua ya 1. Hakikisha hakuna anayeitumia. Tazama `/etc/fstab`, orodha za moduli zinazopakiwa wakati wa kuwaka, na `lsmod`. Usitegemee `/proc/filesystems` peke yake, kwa sababu huonyesha tu mifumo ya faili ambayo moduli zake tayari zimepakiwa. Kisha endesha `cat /sys/bus/scsi/devices/*/type`. Kifaa cha OSD huonyesha 17, yaani 0x11. Ukikuta 17, ishia hapo hapo na umtafute mwenye kifaa.

Hatua ya 2. Fungua tawi jipya la git.

Hatua ya 3. Anza na exofs. Exofs inaitegemea libosd, si kinyume chake, kwa hiyo tunabomoa kuanzia juu. Endesha `git rm -r fs/exofs`, kisha uondoe mistari inayoitaja ndani ya `fs/Kconfig` na `fs/Makefile`. Ule wa Makefile umeandikwa kwa `obj-y`, haukuwekewa sharti la chaguo lolote. Ukiuacha, ujenzi utakwama hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwasha exofs maishani mwake. Hifadhi badiliko hili peke yake (commit), lijengeke, ndipo uendelee. Atakayekuja kutafuta badiliko lililoleta hitilafu kwa `git bisect` atakushukuru.

Hatua ya 4. Ondoa libosd. Endesha `git rm -r drivers/scsi/osd` na `git rm include/scsi/osd_*.h`, halafu safisha Kconfig na Makefile za `drivers/scsi`. Mabaki yatafute kwa majina kamili:

`git grep -n -e EXOFS -e SCSI_OSD -e 'scsi/osd_' -e pnfs_osd_xdr`

Usitafute neno `osd` tupu, maana litakuletea Ceph, televisheni na mengine mengi. Wala usichanganye na `osst`, ambayo ni draiva ya tepu. Faili za `Documentation`, ingizo la `MAINTAINERS`, na mistari iliyomo katika `arch/*/configs` viondoke pia. Kiacheni `TYPE_OSD`, ambayo ni namba ya aina ya kifaa; sababu iko kwenye maswali hapa chini.

Hatua ya 5. Kuondoa amri za pande mbili, kwa anayetaka kweli. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitakawia. OSD ilihitaji amri moja ya SCSI inayopeleka data na kupokea data kwa wakati mmoja, na kwa ajili hiyo ombi la bloku, yaani `struct request`, likabeba kielekezi (pointer) cha `next_rq` kinachoshika ombi la pili. OSD ikishaondoka, mtu anaona kielekezi hicho hakina kazi tena, anakifuta pamoja na kila mstari unaokitaja, ujenzi unapita, na anafurahi. Kumbe bado kina mtumiaji: mawasiliano ya SMP (itifaki ya kusimamia vifaa vya SAS, yaani diski za seva na makabati yake), yanayopita katika maktaba ya kerneli iitwayo bsg-lib, hupeleka ombi na kupokea jibu kwa njia hiyo hiyo. Katika kerneli kuu bsg-lib ilirekebishwa kwanza ili ijishughulikie yenyewe, ndipo tabaka la bloku likasafishwa. Ukiruka marekebisho hayo, diski zitasoma na kuandika kama kawaida, lakini siku utakapotaka kukagua kabati la diski kwa `smp_discover` hutapata jibu, na hakuna atakayekumbuka badiliko la miezi mingi nyuma.

Onyo la pili ni zito kuliko hilo. Draiva za kisasa huweka data zao mara tu baada ya ombi, na kerneli hupata mahali hapo kwa hesabu ya `rq + 1`. Ukiondoa kielekezi kimoja, ukubwa wa ombi unaweza kubadilika, na `rq + 1` ikaangukia mahali pengine. Moduli iliyojengwa kwa ukubwa wa zamani itaandika katikati ya data ya mwenzake bila kulalamika. Kama `CONFIG_MODVERSIONS` imewashwa, moduli hiyo itakataliwa; kama imezimwa, kerneli italinganisha hasa jina la toleo na mambo machache ya ujenzi, ikiona yanafanana itaipokea. Kwa hiyo ukigusa hatua hii, badilisha `CONFIG_LOCALVERSION` na ujenge upya kila moduli iliyo nje ya mti wa kerneli. Mimi kwa 4.19 naishia hatua ya 4, na sioni ninachokosa.

Hatua ya 6. `make olddefconfig`, jenga, sakinisha. Kerneli ya zamani ibaki kwenye menyu ya kuwasha.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Nkuhungu: Mkuu, nimefuata somo lako nikafuta kila chenye osd, sasa kerneli haijengeki na Ceph imeleta makosa chungu nzima. Somo lina kasoro, lirekebishe.

Mwandishi: Somo limesema usitafute neno tupu, tena limesema ni kwa nini. Kama hujahifadhi badiliko, endesha `git checkout HEAD -- net/ceph include/linux/ceph` na ufanye hivyo kwa kila folda uliyogusa nje ya orodha yangu. Kama umeshahifadhi, tumia `git revert`, kisha uanze upya hatua ya 4.

Mdau wa Manyoni: Je, seva itaongeza kasi?

Mwandishi: Hapana. Moduli isiyopakiwa haili kumbukumbu. Unapunguza msimbo wa kutunza na muda wa kujenga, basi.

Mdau wa Manyoni: Sasa faida yake nini kwa mtu wa kawaida?

Mwandishi: Kwa mtu wa kawaida, hakuna. Nimeeleza mwanzoni somo ni la nani.

Mwanafunzi, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma): Shikamoo mwalimu. Nimeelewa hatua zote isipokuwa moja: kama tunaondoa OSD yote, kwa nini `TYPE_OSD` ibaki? Nimeona pia jina la aina hiyo kwenye jedwali lililomo `drivers/scsi/scsi_common.c`, nikashawishika kulifuta.

Mwandishi: Marahaba, na umefanya vizuri kushawishika kisha ukauliza. Namba 0x11 si mali ya libosd; ni ya kiwango cha SCSI, na kifaa kikijitambulisha kwa namba hiyo kerneli bado inapaswa kukitaja, hata kama haina draiva yake. Jedwali ulilolitazama lina jambo la ziada: majina yake husomwa kwa nafasi. Ukifuta mstari wa OSD, kila jina linalofuata litasogea nafasi moja, na kifaa cha aina 0x12 kitaanza kuitwa kwa jina la 0x13. Hakuna kitakachoanguka, ila kumbukumbu za mfumo zitakuwa zinasema uongo. Ukitaka kulishuhudia, lifanye kwenye mashine pepe, ukitumia `scsi_debug`, ambayo hukuruhusu kuchagua aina ya kifaa cha kuigiza kwa kigezo cha `ptype`.

Mwanafunzi, UDOM: Nashukuru sana, nitajaribu kwa `ptype=18` kabla na baada ya kufuta.

Mwandishi: Ndiyo hiyo hasa. Leta majibu.

Mdau wa Kondoa: Ndugu, baada ya hatua ya 4 moduli yetu moja iliyo nje ya mti imegoma kupakiwa, inasema kuna alama isiyojulikana (unknown symbol), na alama zenyewe ni za raid6. Sisi hatujawahi kutumia exofs wala RAID ya programu.

Mwandishi: Swali zuri, na nakiri lilistahili kuwemo ndani ya somo. Ndani ya exofs kulikuwa na injini ya RAID (kugawa data kwenye diski kadhaa ili moja ikifa isipotee) kwa obijekti, chaguo la `ORE`, na chaguo hilo lilivuta `RAID6_PQ`, `ASYNC_PQ` na `ASYNC_XOR`. Inaelekea moduli yenu ilikuwa inajipatia lifti kwa mgongo wa exofs bila ninyi kujua. Chaguo la `RAID6_PQ` haliwashwi kwa mkono kwenye menyu. Lazima livutwe na chaguo jingine. Washeni mfumo wa faili wa Btrfs au RAID456 ya md (RAID ya programu ya Linux) kama moduli, kila kimojawapo hulivuta. RAID456 huvuta pia yale ya ASYNC, kwa hiyo ni chaguo salama zaidi kwenu.

Mdau wa Kondoa: Imekubali kwa RAID456. Asante sana.

Dada wa Kisasa, Dodoma: Kwa wenye kompyuta ndogo kama yangu, `make localmodconfig` inapunguza sana ujenzi, kwa kuwa huacha moduli zisizopakiwa wakati huo.

Mwandishi: Kweli dada, na wanaoitumia wachomeke kwanza flashi, modemu na kila wanachokitumia, la sivyo draiva zake zitaachwa. Lakini kwa somo hili isiwe ndiyo kipimo cha mwisho: kosa la kufuta kitu kisichohusika linaweza kujificha kwenye moduli ambayo hukuijenga. Jaribio la mwisho liwe `make allmodconfig`, inayowasha karibu kila kitu kama moduli, kisha ujenge.

Mdau wa Nkuhungu: Nimerudisha, imejengeka, lakini umeme ulikatika katikati na sasa inalalamika faili fulani za `.o` hazitambuliki. Hili nalo ni OSD?

Mwandishi: Safari hii si kosa lako. Faili zilizokuwa zinaandikwa umeme ulipokatika zimebaki tupu, na `make` ikizikuta inadhani zimekamilika. Endesha `find . -name '*.o' -size 0 -delete`, kisha `make` tena, itaendelea ilipoishia. Ikiendelea kulalamika, `make clean` na uanze mwanzo, tena ukitumia `make CC="ccache gcc"`, ambayo huhifadhi matokeo ya kukompaili, ili siku umeme ukikatika tena usirudie kukompaili kila kitu.