Kuunganisha hita na spika ya Alexa

Baridi ya Juni pale Uyole au Mafinga ndiyo huwafanya wengi watake kuwasha hita bila kutoka kwenye blanketi, kwa kumwambia tu Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon. Anza na plagi ya Wi-Fi, yaani ile inayowashwa na kuzimwa kupitia intaneti, na usome ampea zake kwanza: hita ya wati 2000 kwa volti 230 hula karibu ampea 9, hivyo plagi ya ampea 10 itafanya kazi ikiwa moto muda wote. Chukua ya 16. Hita iwe ya swichi ya kuzungusha. Ya vitufe vya kugusa haiwaki yenyewe plagi ikiirudishia umeme.

Bonyeza kitufe cha plagi sekunde 5 hivi, taa imetemete haraka, kisha iongeze kwenye programu ya Smart Life. Ikigoma, mara nyingi simu iko kwenye Wi-Fi ya 5 GHz. Plagi nyingi hujua 2.4 tu.

Ndani ya programu ya Alexa, washa skill (kiungo cha huduma nyingine) ya Smart Life, ingia kwa akaunti ileile, tafuta vifaa. Jina la plagi liwe la Kiingereza, maana Alexa haielewi Kiswahili.

Mwisho, rudi Smart Life, weka plagi ibaki imezimwa umeme ukikatika na kurudi. Hita isijiwashe mkiwa sokoni.