Namna ya kuhariri pambano la bastola: somo kutoka makaburi ya Sad Hill

Mtu aliyekulia kwenye vibanda umiza anajua kwamba stelingi hafi, na bado soda humganda mkononi pindi bastola zinapokaribia kuchomolewa. Mhariri wa filamu anapaswa kujiuliza hofu hiyo inatoka wapi ilhali mwisho unajulikana. Mimi jibu nililipata kwa kulifumua, shoti kwa shoti (shoti ni kipande cha picha kabla haijakatwa kwenda nyingine), pambano la watu watatu linalofunga filamu ya kauboi ya Sergio Leone ya mwaka 1966, The Good, the Bad and the Ugly. Unachohitaji ni nakala halali ya filamu hiyo, programu yoyote ya kuhariri video na daftari.

Hatua ya 1: Tazama ukiwa umezima sauti. Muziki wa Ennio Morricone una nguvu kiasi kwamba ukiuacha utadhani ndio unaofanya kazi yote. Tazama mara moja, bila kusimamisha.

Hatua ya 2: Chora ramani ya uwanja. Pambano linafanyika kwenye makaburi ya Sad Hill, yaliyojengwa na askari wa Hispania kwa ajili ya filamu, katika mkoa wa Burgos, na katikati yake likawekwa duara la mawe. Chora duara hilo, waweke waigizaji watatu, Clint Eastwood, Lee Van Cleef na Eli Wallach, mahali pao, kisha kwa kila shoti chora mshale unaoonyesha mhusika anatazama upande gani wa fremu, yaani wa picha. Wangekuwa wawili, kila mmoja angekuwa na adui mmoja wa kumkazia macho. Kwa kuwa ni watatu, anayemtazama mmoja amempa mwingine nafasi, na ndiyo sababu macho hayatulii. Usiiruke hatua hii. Pambano la kwanza nililolihariri mwenyewe nililianza kwa klozapu (picha za karibu sana) za haraka, nikiamini kasi ndiyo msisimko, na mteja akaniuliza swali moja tu: "Huyu amesimama wapi?" Nilirudia kazi yote.

Hatua ya 3: Tengeneza jedwali la shoti. Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tenga jioni nzima. Weka alama kwenye programu kila picha inapobadilika, kisha andika namba ya shoti, urefu wake kwa sekunde, ukubwa wake (pana, ya kiunoni, klozapu), kinachoonekana na mhusika ni nani. Ukishuka na safu ya sekunde utaona namba zikipungua: mwanzoni shoti pana zinaachwa zikae hadi mtazamaji anaanza kuchoka, baadaye zinafuata nyuso na mikono iliyo karibu na bastola, na mwishoni ni macho matupu yanayopokezana kwa kasi. Simamisha kwenye mkono wa Van Cleef, uone kwamba kidole chake cha kati kimekatika nchani. Hakuna maneno yanayosemwa, lakini mtazamaji amelazimishwa kuutazama mkono huo kwa makini kuliko uso wa mwenyewe. Fremu nayo inasaidia, kwa sababu Leone alitumia mfumo wa Techniscope, ambao fremu yake ni pana na fupi, hivyo macho mawili yanatosha kuijaza.

Hatua ya 4: Rudisha sauti. Andika ni wapi picha inakatwa juu ya mpigo wa muziki na wapi inakatwa kabla au baada yake.

Hatua ya 5: Tafuta siri iliyofichwa. Filamu ina karibu miaka 60, kwa hiyo sitaomba radhi kwa kuisema: bastola ya Wallach haina risasi, na Eastwood ndiye aliyezitoa. Kwake yeye pambano lina adui mmoja tu, ila mtazamaji hajaambiwa. Rudi kwenye ramani yako, ukague mishale ya Eastwood inaelekea kwa nani.

Hatua ya 6: Fanya zoezi lako. Huhitaji bastola. Waketishe marafiki watatu kwenye meza yenye andazi moja lililobaki, upige shoti moja pana, kisha kwa kila mmoja uso, mkono na macho. Jumla ni shoti 10. Anza na ile pana kwa sekunde 8, zifuate nyuso kwa sekunde 4, mikono kwa 2, kisha macho yapokezane, yakipungua hadi fremu 12 (hapa fremu ni picha moja moja zinazounda video) kila moja, yaani nusu sekunde kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Mkono unaponyakua andazi, rudi kwenye shoti pana na usikate tena hadi andazi lifike mdomoni. Mwonyeshe mtu ambaye hakuwepo, naye akiuliza nani amekaa wapi, iongezee shoti pana ya mwanzo sekunde 3 kabla ya kugusa kitu kingine chochote.