Waifai isiyofika banda la nje

Kama waifai inakata ukifika tu mlangoni mwa banda la nje, usikimbilie kununua kifaa cha kurudia mawimbi ukakichomeka hukohuko bandani. Mahali ambapo mtandao haufiki, kitarudia nini? Kiweke dirishani, upande wa nyumba unaotazama banda. Hata hapo, vile vya bei rahisi hula karibu nusu ya kasi.

Dawa yenyewe ni waya. Kebo ya mtandao ya Cat6 inafika mita 100 bila shida. Chukua ile ya kutumika nje, ipitishe kwenye bomba la plastiki na uifukie, mbali na waya wa umeme. Upande wa banda, hata ruta ya zamani inatosha: zima DHCP yake (kazi ya kugawia vifaa anwani za mtandao), ipe anwani isiyogongana na ya ruta kuu, kisha kebo iingie tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN, la kuingizia intaneti (wengi hukwama hapa). Jina la waifai na nywila viwe vilevile vya nyumbani ili simu ihame yenyewe. Chaneli (njia za mawimbi) za ruta hizo mbili ndizo zitofautiane, mfano 1 na 6 kwenye masafa ya 2.4 GHz.

Banda likiwa la mabati, ruta hiyo ikae ndani ya banda kabisa. Bati huzuia mawimbi, hata uongeze antena ngapi.