Ukiitwa kuzungumzia usonji wako mbele ya watu

Machi ikielekea mwisho, simu zinaanza kuita. Siku ya Usonji Duniani huadhimishwa tarehe 2 Aprili tangu 2008, na vituo vya redio, shule, makanisa na maofisi ya Dar es Salaam huwa vinahaha kumtafuta mtu mwenye usonji (autism) wa kukaa mbele ya maiki. Mwaliko wenyewe mara nyingi unakuja siku mbili kabla, na maelezo ni haya tu: "Njoo utupe historia yako." Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye usonji anayefikiria kukubali. Mengi yanayoharibika ukumbini huwa yameshaharibika kwenye simu ile ya kwanza, kwa hiyo tunaanzia hapo.

Kabla ya kusema ndiyo

Usikubali wala kukataa ukiwa kwenye simu. Sema, "Naomba unitumie kwa maandishi, nitakujibu kesho jioni." Kisha mtumie ujumbe kama huu:

"Asante kwa mwaliko. Naomba kujua: kipindi ni mubashara au kinarekodiwa? Nitazungumza dakika ngapi? Nani mwingine atakuwepo? Maswali nitayapata lini? Picha na video zitatumika wapi? Nauli na posho mmepangaje?"

Swali la nani mwingine atakuwepo ndilo zito kuliko yote. Wanaoandaa hupenda kumweka daktari au mzazi pembeni yako, halafu mtangazaji anamgeukia yeye: "Huyu analala vizuri? Anakula mwenyewe?" Nawe umekaa hapo hapo. Sharti liwekwe mapema: swali linalonihusu mimi, naulizwa mimi. Na wakikwambia atakuwepo mtu wa kubishana nawe kama usonji ni mapepo au si mapepo, kataa mwaliko. Hakuna mjadala wa haki ambao mada yake ni kama wewe ni mzima.

Posho nayo iulizwe bila haya. Mshereheshaji analipwa, mtu wa muziki analipwa, mpambaji analipwa. Mzungumzaji mwenye usonji ndiye huambiwa kwamba ni kujitolea. Ukiamua kujitolea, uwe uamuzi wako. Nauli ya bajaji kwenda na kurudi isitoke mfukoni mwako.

Wapo watayarishaji wanaotaka uthibitisho, yaani barua ya hospitali. Huna wajibu wa kuwaonyesha. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na karatasi ikishapigwa picha kwa simu ya mtu huwezi kujua itaishia kwenye kikundi gani cha WhatsApp.

Karatasi ya mipaka

Chukua karatasi, igawe mara tatu. Sehemu ya kwanza andika unayoweza kumwambia mtu yeyote. Ya pili, unayoweza kusema ukiulizwa kwa heshima. Ya tatu, yasiyotoka kabisa: dawa unazotumia, mambo ya mapenzi, jina la shule iliyokufukuza, hali ya mdogo wako ambaye hajaamua kujitangaza. Sehemu ya tatu ndiyo ya kuisoma asubuhi ya siku yenyewe, maana maiki ina tabia ya kumfanya mtu ajibu kila kitu.

Zungumza na nyumbani angalau wiki moja kabla. Mitaani kwetu lawama humwangukia mama kwanza: alikula nini akiwa mjamzito, alimkosea nani, ukoo wao una nini. Wewe utasikika redioni dakika ishirini, yeye ataulizwa sokoni mwezi mzima. Kama hataki kutajwa, asitajwe hata kwa "mama yangu".

Ukiwa mzazi na unayetaka kumzungumzia ni mtoto wako, mpaka unakuwa mkali zaidi. Usionyeshe video ya mtoto akiwa amezidiwa, analia au anajigonga, hata kama lengo ni kuelimisha. Atakua, na video itakuwepo.

Maandishi ya kusoma

Soma. Hakuna aliyekukataza, na viongozi wote wanasoma. Kwa mwendo wa taratibu, dakika tano ni maneno 450 hadi 500. Andika kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, weka namba za kurasa, kisha zibandike kwenye kadi ngumu au faili. Feni za ukumbini hupeperusha karatasi nyepesi, na kuziokota mbele ya watu kunatosha kukuvuruga.

Salamu za kiitifaki huwatesa wengi, kwa sababu orodha ya vyeo hubadilika dakika ya mwisho. Andika: "Mheshimiwa mgeni rasmi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa." Inakubalika kila mahali, na hutalazimika kukumbuka nani anamtangulia nani.

Ndani ya hotuba, chagua jambo moja na ulionyeshe kwa karibu. "Ubongo wangu unafanya kazi tofauti" watu wanaitikia kwa kichwa na kusahau. Linganisha na hili: "Ndani ya daladala, konda anagonga bati, redio iko juu, mtu anaongea na simu, na mimi nasikia vyote kwa sauti ileile. Nauli ninayo mkononi, kituo nakijua, lakini neno 'shusha' halitoki." Aliyewahi kupanda gari la Mbagala saa kumi na mbili jioni hahitaji maelezo zaidi.

Kama huongei kwa mdomo, au maneno hukukimbia mbele za watu, simu inaweza kukusomea. Simu nyingi za Android zina sauti ya Kiswahili ya kusoma maandishi. Ipakue mapema ili isitegemee bando. Fika na waya wa kuunganisha simu na spika, ijaribu kabla watu hawajaingia, weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite katikati. Au mtu mwingine asome maneno yako, mradi mshereheshaji atangaze kwamba ni yako.

Siku yenyewe

Omba nafasi ya asubuhi, saa tatu au saa nne. Alasiri joto limepanda, foleni zimeanza, na nguvu zako zimeshatumika kusubiri. Fika dakika 45 mapema uone spika ziko wapi, jenereta iko upande gani na mlango wa kutokea ni upi. Usikae mbele ya spika hata kama kiti cha heshima kimewekwa hapo. Mwambie mtu wa muziki asikupigie wimbo ukiitwa, na mshereheshaji aombe watu wapunge mikono badala ya vigelegele. Wanakubali wakiombwa mapema. Wakiombwa wimbo ukiwa umeshaanza, hawasikii.

Mgeni rasmi atachelewa. Panga kana kwamba hilo ni hakika: subiri nje au kibarazani, na aliyekusindikiza aje kukuita zamu yako ikibakiza dakika kumi. Msindikizaji huyu ana kazi nne: maji, simu yako, kuwazuia watu wanaokuja kukukumbatia mkimaliza, na kukufikisha nyumbani. Kujibu kwa niaba yako si kazi yake. Mpatane ishara moja ya kusema "nimezidiwa, tuondoke", isiyohitaji maneno.

Studio za redio huwa ndogo na zenye baridi kali, beba sweta au kanga. Omba sauti ya hedifoni ipunguzwe kabla hujazivaa, au vaa sikio moja tu, kwani kibwagizo cha kipindi huingia kwa kishindo bila taarifa. Maiki iwe umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni. Mwanzoni kabisa sema hewani: "Nikinyamaza kidogo ninatafuta neno, naomba mnisubiri." Bila hilo mtangazaji ataujaza ukimya kwa maneno yake, na nusu ya jibu lako litakuwa lake.

Huna haja ya kumtazama mtu machoni. Tazama karatasi au juu ya vichwa vya watu. Kuinamisha macho mbele ya wakubwa ni adabu kwetu, anayeona kasoro ni mpiga video peke yake, naye aambiwe mapema. Vidole vikitaka kucheza, viache vicheze. Ukivizuia, akili yote inakwenda kwenye kuvizuia.

Maswali yatakayokuja

"Mwanangu, hukurogwa?" Mara nyingi anauliza mama mtu mzima, kwa huruma ya kweli. Ukimjibu kwamba huo ni ujinga, umempoteza yeye na nusu ya ukumbi, na kesho atampeleka mjukuu wake kwa mganga kama kawaida. Jibu hivi: "Hapana mama. Nimezaliwa hivi. Sehemu kubwa inatokana na vinasaba, kama urefu unavyorithiwa." Kisha ongeza kile kinachomlinda mtoto: "Kumwombea mtoto hakumuumizi. Kumfunga kamba, kumchanja chale, kumnyima chakula ili pepo litoke kunamuumiza, na usonji unabaki palepale." Ukiwa kanisani, kiongozi anaweza kutaka kukuwekea mikono hapohapo. Mwambie kabla ya ibada: "Mchungaji, niombeeni, ila nisiguswe."

Chanjo itaulizwa bila shaka. Chanzo cha madai hayo ni makala ya Andrew Wakefield na wenzake katika jarida la The Lancet, 1998, iliyohusu watoto 12. Jarida liliifuta 2010, na mwaka huohuo Wakefield akaondolewa kwenye rejesta ya madaktari Uingereza. Utafiti wa Denmark uliotoka 2019 ulifuatilia watoto zaidi ya 650,000: waliopata chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela hawakuwa na usonji zaidi kuliko wasiopata. Lakini takwimu peke yake hazimfikii mzazi aliyeona kwa macho yake. Mweleze kwa nini inaonekana hivyo: hapa kwetu chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18, na umri huohuo ndipo wazazi huanza kugundua kwamba mtoto haitiki jina lake au hatamki maneno. Mambo mawili yamekutana njiani, moja halikuzaa lingine.

Kwa wanaolaumu katuni na simu, sentensi moja inatosha: daktari Leo Kanner aliueleza usonji kitabibu 1943, kabla ya katuni za televisheni na simu za mkononi kuingia majumbani.

"Mbona hufanani na mwenye usonji?" Jibu: "Unaniona kwenye dakika kumi nilizojiandalia muda mrefu. Hunioni nikifika nyumbani." Anayeuliza utapona lini aambiwe kwamba si ugonjwa wa kupona, na kinachokusaidia ni mazingira, kisha taja moja: maelekezo ya kazi kwa maandishi, sehemu yenye utulivu.

Swali gumu kuliko yote linatoka kwa mzazi aliyechoka: "Wewe unaongea. Mwanangu ana miaka kumi na mbili, hajaniita mama hata siku moja. Usonji wako na wake ni kitu kimoja?" Usishindane naye. Sema: "Kweli mama, hatufanani, na siwezi kumsemea. Ninachoweza kukwambia ni jinsi kelele inavyoniumiza mimi, pengine utaona dalili hizo kwake." Kisha muulize mtoto anapenda nini. Mzazi huyo ndiye mwenye sababu nzito zaidi ya kuwepo ukumbini siku hiyo.

Kwa yote yaliyo kwenye sehemu ya tatu ya karatasi, jibu ni moja: "Hilo ni langu na familia yangu. Swali lingine, tafadhali." Lirudie kwa sauti nyumbani hadi litoke lenyewe, kwa sababu ukizidiwa maneno ndiyo yanayokimbia kwanza.

Baada ya kushuka jukwaani

Siku hiyo na kesho yake asubuhi zisiwe na shughuli. Pesa ya bajaji itengwe mapema. Kusimama Ubungo jioni baada ya saa mbili za taa na makofi ndipo wengi wanapozidiwa kabisa. Maoni ya mitandaoni asome msindikizaji, wewe usiyaguse kwa siku mbili.

Angalia hata hivyo kichwa cha habari cha klipu, au mwombe yeye akuangalizie. Kikiandikwa "Apona usonji, asimulia mateso", tuma ujumbe siku hiyohiyo kwa mtayarishaji uliyezungumza naye mwanzo: "Kichwa cha habari hakilingani na nilichosema dakika ya nne. Naomba kibadilishwe kiwe hivi," kisha mwandikie kichwa kamili anachoweza kunakili na kubandika. Ukimwachia akifikirie mwenyewe, atakuahidi, na klipu itaendelea kusambaa.