SOMO: Kufunga servo ya AC kwenye milingi ndogo ya mezani (soma hatua ya 4 kabla hujashika nyundo)

Wakuu habari za leo. Kila wiki watu wanne watano wananiuliza kitu kilekile, ile milingi yako servo uliifungaje, na mi nimechoka kuandika jibu lilelile kwenye simu. Naandika hapa mara moja, akija mwingine namleta huku.

Mashine yangu ni milingi (mashine ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka) ya Kichina ya kukaa mezani, spindo (mhimili unaoshika kisu) ya saizi ya R8, ilikuja na mota ya DC ya kaboni 500W na gia za plastiki ndani ya kichwa. Aluminiamu inakata vizuri tu. Chuma sasa, ukishusha spidi mota inakosa nguvu inaanza kuchemka, na siku ukikandamiza kidogo meno ya gia yanakatika. Gia nimebadilisha mara 3 ndo nikaamua.

Nilichonunua: servo (mota inayoongozwa na draivu yake) ya AC 750W, flanji (uso wa mbele wa kufungia) ya 80mm, toki yaani nguvu ya kuzungusha 2.4 Nm, 3000 rpm, shafti ya 19mm, na draivu yake na kebo zake zote mbili. Nunua seti. Ile VFD (kidhibiti spidi) ya mota za kawaida haiendeshi hii kitu, draivu lazima isome enkoda (kihisi kinachoonyesha shafti iko wapi) ya nyuma ya mota muda wote, kwahiyo usije ukanunua mota peke yake kwa sababu umeona bei imekaa vizuri.

1. Chonga pleti na puli zote KABLA hujafungua mashine. Ukishaifungua huna tena milingi ya kuchongea.

2. Pleti: aluminiamu 12mm, tundu la kati 70mm, bolti 4 kwenye duara la 90mm. Matundu ya kufungia pleti kwenye kichwa yafanye marefu kama ya oltaneta ya gari, ili uweze kuvuta mkanda.

3. Puli na mkanda wa meno, mi nimetumia 5M (jino hadi jino 5mm) upana 15mm. Mota meno 24, spindo meno 48. Nilitaka meno 20 kwenye mota ila ukipiga hesabu, ukitoboa 19mm alafu ukakata na mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachozuia puli isiteleze kwenye shafti), chini ya jino inabaki kama milimita 1, hapo patapasuka tu. Kwa 24 na 48 spindo inapata 4.8 Nm na spidi mpaka 1500.

4. Kuvisha puli kwenye shafti. Hapa ndo naomba msome taratibu. Puli yangu ilikuwa imebana kidogo, nikaweka kipande cha mbao juu yake nikagonga na nyundo kama mara tano, maana ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nimefanya kwenye mota za kawaida miaka yote. Ikaingia safi. Nikaunganisha, draivu ikatoa alamu ya enkoda. Nikabadilisha kebo, nikasafisha viunganishi, nikapima waya mmoja mmoja, siku 2 zimekatika. Mwisho nikafungua kifuniko cha nyuma, nikamulika na tochi ya simu, nikaona kile kisahani cha enkoda kina ufa mwembamba kama unywele, kuanzia katikati mpaka ukingoni. Kwenye mota nyingi kile kisahani ni kioo na kimekaa kwenye shafti hiyohiyo unayoigonga mbele, kila pigo linafika kule nyuma. Nililipa mota ya pili bei kamili.

Kwahiyo:
- HAKUNA nyundo. Ya mbao, ya mpira, ya plastiki, zote hapana.
- Tundu la puli lipanue mpaka puli iteleze kwa mkono ukiwa umepaka oili nyepesi. Ikigoma toa, pima tena na vernia.
- Shafti nyingi zina tundu lenye rezi mbele pale katikati. Weka washa nene na bolti, kaza taratibu, puli inaingia yenyewe bila kugongwa.
- Kutoa tumia pula (kifaa cha kuvutia puli), usiingize bisibisi nyuma ya puli ukakita kwenye flanji.
- Usilegeze skrubu za enkoda ata kama unataka kuangalia tu. Imepangwa sawa na rota (sehemu ya ndani ya mota inayozunguka), ikisogea kidogo mota haitaenda vizuri tena.

5. Waya. Kebo ya enkoda na kebo ya nguvu zipitishe njia tofauti. Ethi ya mota irudi kwenye draivu, ethi ya draivu iende kwenye ethi ya kweli ya jengo. U, V, W zifuate alama zake. Kati ya draivu na mota usiweke kontakta wala swichi yoyote, kitufe cha dharura kikate umeme unaoingia kwenye draivu pamoja na ile ruhusa ya kuzunguka. Na ukizima usishike ndani mpaka taa ya chaji izime, subiri dakika 10, kapasita za mle ndani zinaua.

6. Washa bila mkanda, zungusha kwa vitufe vya draivu, spidi ndogo. Mwelekeo unabadilisha kwenye PARAMETA, sio kwenye waya.

7. Weka modi ya spidi, potenshometa (kile kitufe cha kuzungusha kupandisha na kushusha spidi) kwenye ingizo la analogi. Kikomo cha toki anza nacho chini. Servo inaweza kutoa mara 3 ya nguvu yake kwa muda mfupi, na ikikwama haiachii, inazidi kusukuma.

8. Funga mkanda, funga kava, fanya kazi.

MASWALI

Kijana_Tabata: Mkuu yangu inageuka kinyume nikabadilisha waya mbili kama mota ya fezi tatu, sasa inaruka inatoa alamu. Draivu mbovu?

Mwandishi: Hatua ya 6. Rudisha waya kama alama zinavyosema.

Kijana_Tabata: Ila mota zote ukibadilisha fezi mbili si inageuka

Mwandishi: Za kawaida ndio. Hii draivu inajua rota iko wapi kupitia enkoda, ukibadilisha fezi inasukuma upande ambao sio. Rudisha waya, zima dakika 10, washa.

Msafiri88: Bei gani na inapatikana wapi

Mwandishi: Tafuta kwa maneno haya: 750W, flanji 80, 3000rpm, seti na draivu.

Chuma_Ulete: Mi naona ni gharama za bure. 500W na 750W tofauti iko wapi, ungeweka gia za chuma ukamaliza.

Mwandishi: Gia za chuma nilifikiria, ila mota ya kaboni ingebaki ileile inayochemka spidi ndogo. Hapa hesabu sio ya wati. Servo inatoa 2.4 Nm ileile iwe kwenye 100 au 3000, kwahiyo kwenye spindo nina 4.8 Nm nikiwa spidi 300 na nikiwa 1500. Jana nimepitisha endimili (kisu cha milingi) ya 16mm kwenye chuma laini, na spidi haikushuka. Sitetei matumizi yangu, nasema nilichokiona.

Fundi_Kariobangi: Boss asante sana kwa somo, niko Nairobi huku Light Industries, niko na mashine kama hiyo. Swali, kama toki ni ileile kila spidi, si basi nikiweka puli sawa kwa sawa nipate 3000? Ama kuna kitu sioni?

Mwandishi: Swali zuri sana kaka. Toki ni ileile ila nguvu inafuata spidi. Mota ikizunguka 3000 ina 750W, ikizunguka 300 ina 75W tu. Kwahiyo chagua puli ili kwenye kazi yako ya kila siku mota izunguke haraka. Anza na kata yako (kisu): endimili ya HSS (chuma kigumu cha visu) ya 12mm kwenye chuma laini, mita 25 kwa dakika, ni kama spidi 660 kwenye spindo. Kwa puli zangu mota inakuwa 1320. Kwa sawa kwa sawa inakuwa 660 na toki yako ni nusu. Ila kama unachonga sana aluminiamu na endimili ya 6mm, hapo unataka spidi kubwa, weka puli za ngazi mbili uhamishe mkanda. Angalia tu beringi za spindo, yangu imeandikwa mwisho 2500 na sijaivusha.

Fundi_Kariobangi: Sawa kabisa, nimeelewa. Ingine, nikirudisha potenshometa hadi mwisho spindo bado inatambaa polepole, ni kawaida?

Mwandishi: Kawaida. Analogi haifiki sifuri kamili, kuna milivolti kidogo inabaki. Rekebisha ofseti kwenye draivu, na nyingi zina parameta ya kufunga spidi chini ya kiwango fulani. Ila ukibadilisha kata ZIMA kabisa, usiamini sifuri, mkono wako uko na spana pale juu.

Mama_Lezi: Kwangu nikisimamisha ghafla inatoa alamu ya volti kubwa. Na jioni umeme ukiwa mdogo inatoa ya volti ndogo.

Mwandishi: Dada ya kwanza ni spindo inarudisha umeme kwenye draivu wakati wa kusimama, ongeza muda wa kupunguza spidi, kwangu sekunde 2 zilitosha, au funga rezista ya breki. Ya pili pima soketi mashine ikiwa inakata, sio ikiwa imelala. Kwangu tatizo lilikuwa ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba.

Kobe_Mwendo: Ile mota ya zamani uliipeleka wapi?

Mwandishi: Nimeifunga kwenye mashine ya mkanda wa msasa, kule inazunguka spidi kubwa muda wote na inafurahia.

Mama_Lezi: Chenga za chuma zilikuwa zinaingia kwenye mkanda, nimekata dumu la lita 5 likawa kava nzuri tu.

Mwandishi: Safi sana, upande wa mkanda weka. Mota yenyewe usiifunike yote, inapoa kwa kupitia bodi yake, iache ipate hewa. Tuwekee picha ulivyolikata hilo dumu, langu la bati linapiga kelele kuanzia 1200.